Kabla Utamani .45, Uliza Mwenye Anaibeba

Watu wangu wa 64, leo nataka tuongee kuhusu mguu wa kuku. Si ule wa kukaangwa kando ya barabara pale Langas. Ule mwingine, wa chuma. Na kabla mtu aanze kushtuka: sina bastola, sijawahi kuomba kibali, na sina mpango huo. Naandika kwa sababu maboy wa rika langu wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu bastola za gemu na muvi, na jibu huwa ni lilelile kila saa. Ile kubwa zaidi ndiyo kali. Desert Eagle. .45. Chochote chenye mdomo mpana. Halafu ukiuliza ni nani kati yetu amewahi kukaa na mtu ambaye huibeba kila siku akienda kazini, kimya.

Mimi nimekaa na watatu.

Anko wangu ana shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa upande wa Moiben, na ana agroveti hapa mjini. Amekuwa na bastola ya .45, ya laiseni, kwa miaka sita sasa. Jumapili baada ya kanisa marafiki zake wawili huja kwake, na wote wana vibali. Mmoja ni wakili. Mwingine ni afisa mstaafu ambaye kila mtu humwita Afande, hata mke wake. Kazi yangu hapo ni kumimina chai na kunyamaza. Katika hizo Jumapili zote sijasikia hata mmoja wao akiongea kama muvi. Wanaongea juu ya suruali. Mishipi. Mgongo. Bei ya risasi. Na tangu mwaka huu uanze, mjadala umekuwa mmoja tu: Anko aachane na hiyo .45 aombe 9mm kabla kibali chake kufika wakati wa kufanywa upya, ama abaki nayo?

Kwa wale hawajui, hizo namba ni upana wa risasi. 9mm inajieleza. .45 ni sehemu ya inchi, na ukiibadilisha ni milimita kumi na moja na ushee. Kwa hivyo ukitoa moja kwa nyingine, ugomvi wote ni wa kama milimita mbili na nusu. Lakini uzito ndio unatofautiana sana: risasi ya kawaida ya .45 ni karibu gramu 15, na ya 9mm ni kama nusu ya hapo. Ile nzito inaenda polepole, ile nyepesi inaenda mbio. Watu wazima wenye akili timamu wamegombana juu ya hii kitu kwa zaidi ya miaka 100.

Na hapa kuna hadithi ambayo Afande huipenda sana. Mwanzo wa karne iliyopita, wanajeshi wa Marekani walikuwa wakipigana na Wamoro kule Ufilipino, wakilalamika kwamba bastola zao za .38 hazisimamishi mtu. Jeshi likasema wacha tupime. Mwaka wa 1904 maafisa wawili, Thompson na LaGarde, wakaenda kwenye machinjio ya Chicago wakaanza kupiga ng'ombe risasi za ukubwa tofauti, wakihesabu ni ngapi zinahitajika ndio ng'ombe aanguke. Walipiga hata maiti za watu. Mwisho wakaandika kwamba bastola ya jeshi isiwe chini ya .45. John Browning alikuwa anaunda yake wakati huohuo, na mwaka wa 1911 jeshi likaichukua. Ndiyo maana inaitwa 1911 mpaka leo. Waliibeba hadi 1985, wakahamia Beretta ya 9mm.

Mara ya kwanza Anko kusikia hiyo hadithi aliweka kikombe chini. "Yaani walisimama hapo wakapiga ng'ombe mzima risasi kumi? Na hakukuwa na mtu wa kuwauliza?" Kwake hiyo ndiyo ilikuwa habari, si bastola. Sisi ni watu wa ng'ombe, mtatusamehe.

Anko aliichukua .45 kwa sababu ya woga. Anasema hivyo mwenyewe, sio mimi namsema. Siku moja alikuwa ameuza mahindi, watu wanne wakafunga barabara mbele ya Probox yake jioni, wakachukua kila kitu, wakamgonga na rungu begani ndipo wakaenda. Mmoja wao, anasema, alikuwa mkubwa kama mlango. Huyo ndiye alibaki kwa kichwa yake. Alipoanza kutafuta kibali, miezi mingi ya fomu, polisi, daktari, kueleza kwa nini unahitaji silaha, huyo mtu mkubwa ndiye alikuwa anamwona. Akafika kwa muuzaji Nairobi, akawekewa bastola mbili juu ya kioo, akauliza swali moja: "Ni gani ikimgusa mtu anaanguka?" Muuzaji naye ni mfanyabiashara. Akasukuma ile kubwa.

Sasa hesabu ilianza siku aliyoivaa.

1911 ya chuma ni kama kilo moja na gramu mia moja ikiwa tupu. Weka risasi saba, hapo umekaribia kilo moja na robo. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, ongeza robo, funga kwa mshipi upande wa kulia, halafu uende ukakamue ng'ombe. Glock 19 ya wakili ikiwa imejaa risasi 15 haifiki kilo moja. Nyepesi, na risasi mara mbili na moja juu. Hiyo sentensi wakili huisema polepole akimwangalia Anko, na Anko huangalia dirisha.

Uzito peke yake si kitu kwa mtu wa shamba. Shida ni kwamba unafinya mahali pamoja kila siku. Anko alinunua mshipi mpya wa ngozi nene, wa kwanza ukapinda. Suruali zake zote zimelegea upande mmoja. Akiendesha gari ule mpini unamchoma mbavu, anaisogeza mbele, ikisogea mbele anashindwa kuinama. Kwenye mnada wa ng'ombe lazima uiname, lazima unyooshe mkono uguse mgongo wa mnyama, na ukinyoosha mkono shati linapanda. Huku kwetu tuna bahati ya baridi, tuko mita 2,100 juu ya bahari, mtu akivaa koti mwezi wa Julai hakuna anayemuuliza. Lakini Januari ikifika na jua la saa nane, mzee amevaa koti la sufu kwenye mnada, kila broka anajua ni nini iko chini. Na mtu akijua unabeba, umebadilika. Wengine wanakuogopa, wengine wanaanza kukupigia hesabu, kwa sababu hiyo bastola yenyewe ni mali ambayo jambazi anaitaka kuliko pesa yako.

Ndiyo maana kuna siku alianza kuiacha nyumbani kwa sefu. Mara moja kwa wiki, halafu mara tatu. Alinunua kitu cha kumlinda barabarani, na barabarani ndiko hakuwa nacho. Hili wakili alilisema mbele ya wote, na hakuna aliyejibu.

Tuje kwa risasi, kwa sababu hapa ndipo kichekesho kinaingia mpaka mlangoni kwetu. Mtu wa Eldoret ambaye hajui kwamba tuna kiwanda cha risasi labda amehamia jana. Kenya Ordnance Factories Corporation iko hapa hapa, ilijengwa kwa msaada wa Wabelgiji, na ilianza kazi miaka ya 1990. Inatengeneza risasi za bunduki za jeshi na polisi, na 9mm ni mojawapo. Si ati Anko anaweza kusimama getini aulize bei, usinielewe vibaya. Lakini inakuonyesha nchi imesimama wapi. Bastola za polisi ni 9mm: Ceska, Jericho. Bastola ambazo raia wengi wanabeba ni 9mm. Kwa hivyo wauzaji wanaleta 9mm kwa wingi, kwa sababu inatoka. .45 inakuja kwa meli, kidogo kidogo, kwa ajili ya wachache waliojichagulia. Mara nyingine Anko anapiga simu Nairobi anaambiwa subiri. Anasubiri. Na ikifika, kila risasi moja ina risasi nyingi ya madini ndani, shaba zaidi, na bei inalingana. Yeye husema kila akivuta triga anasikia mfuko wa mbolea ukipasuka.

Na hapo ndipo naona shida kubwa kuliko zote, ambayo haiko kwenye bastola. Iko kwa mazoezi. Kibali kinaonyesha ni risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo, na kupiga shabaha nyuma ya zizi ni kosa. Lazima uende kwa uwanja rasmi. Anko huenda Kirigiti, kule Kiambu. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, mafuta, kulala, ada ya uwanja, halafu zile risasi za bei ya mbolea. Wakili huenda naye. Siku moja wakili alipiga risasi mia moja, Anko akapiga ishirini na moja. Magazini tatu za saba. Akasema mkono umechoka, lakini wakili anajua ni mfuko uliochoka.

Kwa miaka sita, ukijumlisha zote, Anko amepiga hiyo bastola mara chache kuliko vile mimi nimepiga ile ya kwenye simu kwa dakika kumi.

Teke nalo. Wanaosema .45 inavunja mkono wanadanganya. Afande, ambaye ndiye mtetezi wake pale mezani, ananieleza kwamba bastola nzito ya chuma inameza sehemu ya teke, kwamba inasukuma badala ya kuchapa, na kuna watu wa mashindano wanaipiga vizuri ajabu. Nakubali. Lakini hao ni watu wanaopiga kila wiki. Mtu anayepiga mara mbili kwa mwaka, mdomo wa bastola unapanda, macho yanafumba kabla ya mlio, na risasi ya pili inaenda mahali hajui. Anko ana mikono ya mkulima na bado risasi zake za pili huwa juu ya bega la ile karatasi. Nimeona hizo karatasi. Amezihifadhi kwenye droo ya agroveti, chini ya risiti za dawa ya kupe.

Na kama unadhani hili ni tatizo la wazee wa Moiben tu, angalia FBI. Aprili 1986, Miami, maajenti wanane walikutana na majambazi wawili. Maajenti wawili wakauawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa wale majambazi alikuwa amepigwa risasi ya 9mm mapema kabisa, ikapita mkono ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni, na akaendelea kupigana. FBI wakalaumu risasi ndogo. Wakahamia 10mm, bastola kubwa, nzito, yenye teke la punda. Maajenti wengi wakashindwa nayo, wengine mikono haikutosha hata kushika mpini vizuri. Wakapunguza nguvu ya risasi. Kutoka hapo ikazaliwa .40 mwaka wa 1990, fupi kidogo, wakabeba hiyo miaka mingi. Halafu muongo uliopita wakarudi wapi? 9mm. Sababu waliyotoa ni kwamba risasi za 9mm za sasa zimeboreshwa, na kwamba watu wao walikuwa wakilenga vizuri zaidi na haraka zaidi wakiwa nayo. Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi, risasi za bure. Miaka karibu 30 ya kuzunguka, wakarudi walikotoka.

Nilipomweleza Anko, alinyamaza kidogo akasema, "Weri, hao walikuwa na bajeti ya kujaribu. Mimi nilijaribu na mahindi."

Afande hakukubali kirahisi. Yeye ana hoja moja nzito, na siwezi kuificha kwa sababu tu niko upande mwingine. Anasema mtu wa kawaida hatapigana na mtu zaidi ya mara moja maishani, na hiyo siku hataki kuhesabu, anataka kumaliza. Hapo Anko hutaja Westgate. Septemba 2013, kabla kikosi chochote kikubwa kuingia, raia wenye bastola za laiseni waliingia ndani ya hiyo mall kutoa watu. Abdul Haji, ambaye sasa ni seneta wa Garissa, aliingia kwa sababu ndugu yake alikuwa ndani. Tuliona hizo picha sote, wengi wetu tukiwa wadogo. Anko huuliza: wewe ungetaka kuwa na nini pale?

Nimefikiria hilo swali sana kuliko vile yeye anadhani. Mbele ya AK-47, bastola yoyote ni bastola. Milimita mbili na nusu hazikutoi hapo. Lakini kama natembea kwenye korido ambayo sijui mwisho wake, na watu nyuma yangu wanatambaa, ningependa kujua magazini yangu ina 15 kuliko 7. Na hata hivyo, niwe mkweli, wale watu waliingia kwa moyo, si kwa kaliba. Hiyo siku si kipimo cha kununua kitu cha kwenda nacho agroveti.

Sasa nataka kuwaambia kuhusu Anti, kwa sababu miezi hii yote wanaume watatu wamekuwa wakibishana juu ya upana na uzito, na mtu aliyeuliza swali la maana alikuwa anapita na sufuria.

Nyumba yao ni ya mawe nje, lakini ndani vyumba vimegawanywa na mbao na siling bodi, kwa sababu walijenga polepole vile watu wengi hujenga. Chumba cha wazee kiko mbele. Nyuma ya ukuta wa mbao ndipo wajukuu wanalala wakija likizo. Upande ule mwingine ni mabati, jikoni, na kijana wa kukamua analala chumba cha kando. Ukisimama mlangoni pa chumba cha wazee ukielekeza kidole popote, kuna mtu mwisho wa kidole, isipokuwa ukielekeza juu.

Anti alisimama na sufuria yake akasema, "Mzee, hiyo yako ikimgusa mtu anaanguka, sawa. Nimesikia miaka sita. Na ukikosa, inaenda wapi?"

Wakili akaanza kueleza kwamba 9mm ni ndogo, kwa hivyo. Afande akamkatiza. Na hapa ndipo nilimheshimu Afande zaidi, kwa sababu angeweza kunyamaza ashinde. Akasema hapana, wote mjue ukweli. Risasi za kawaida zenye ganda la shaba, 9mm na .45, zote zinapita mbao, zinapita siling bodi, zinapita mabati kama karatasi. Ile ya 9mm inaenda mbio zaidi, na mara nyingi hupenya hata kuliko .45. Kubadilisha bastola hakutajenga ukuta.

Meza yote ikatulia. Anti akauliza tena, pole, vile mtu huuliza mtoto: "Kwa hivyo gani itakosa mara chache?"

Na hilo swali kila mtu pale alikuwa na jibu lake. Zile karatasi ziko kwenye droo.

Kwangu hapo ndipo mjadala wote ulipobadilika. Sisi vijana tunauliza ni gani ina nguvu, kwa sababu kwenye gemu risasi ikikosa inapotea hewani, inaacha alama ukutani, baada ya sekunde mbili hata alama haipo. Huku Langas, Huruma, Munyaka, Kipkaren, nyumba zimeshikana bega kwa bega. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Kila risasi ina mwisho, na mara nyingi mwisho wake ni mtu ambaye hakuwa kwenye hadithi. Januari 2020 DJ Evolve alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu Kilimani, Nairobi, mahali alienda kuchezea watu muziki. Risasi moja tu. Hakuna mtu mtaani ambaye alijiuliza ilikuwa kaliba gani.

Mtu ataniambia basi asiwe na bastola kabisa. Anti mwenyewe angekubali kesho asubuhi. Mimi sijafika huko, na siwezi kujifanya nimefika, kwa sababu si mimi niligongwa na rungu begani gizani. Anko ana sababu, serikali iliipima, na alipigwa msasa tena wakati ule Waziri Matiang'i alipoagiza Disemba 2018 kwamba kila raia mwenye silaha akaguliwe upya ndani ya siku 90. Hiyo miezi mitatu hakulala vizuri. Alikuwa amepata kibali kipya kabisa na anarudishwa kwa foleni ileile. Alipita. Ninachosema ni kwamba kama mtu ataishi na kitu kama hicho ndani ya nyumba ya mbao, basi awe na kile anachoweza kukipiga mara nyingi, kwa bei anayoweza, mpaka mkono uzoee. Na hiyo ya kuvutia macho, ile nzito, ndiyo inayokufukuza uwanjani.

Kuhusu Desert Eagle, wale mnaoipenda, mnisamehe. Ni kama kilo mbili. Ile ya .50 inabeba risasi saba. Nilimuuliza Afande kama amewahi kuona raia hapa Bonde la Ufa akitembea nayo kiunoni. Alicheka mpaka akamwaga chai. Akasema hiyo utahitaji kijana wa kukubebea, na kisheria huwezi kumpa.

Kwa hilo, kidokezo cha haraka kwa wale mtaenda kwa nyumba ya mtu mwenye kibali: usiombe kushika. Kibali kina jina moja. Anko hajawahi kunipa hata ikiwa tupu, na sijawahi kuuliza. Zile video za vijana wakipozi na chuma ya mzee zinampeleka mzee pabaya kabla zikufikishe wewe popote.

Mwezi uliopita Anko alikubali. Hakusema kwa sauti, alimwambia wakili amletee fomu. Alianza mchakato wa kuomba kubadilisha, aingie 9mm, na akaenda Nairobi kujaribu Glock mbili na Ceska moja. Alirudi na karatasi mpya. Risasi hamsini, na kwa mara ya kwanza mashimo ya pili na ya tatu yako karibu na ya kwanza. Amezibandika ndani ya mlango wa kabati, si kwenye droo.

Afande hajafurahi sana. Alisema tu kwamba akishapewa, asiseme tena "ikimgusa anaanguka", kwa sababu hakuna bastola inayofanya hivyo kila mara, ndogo wala kubwa, na yeye ameona.

Sasa shida imebaki moja: nani atachukua hiyo .45? Huwezi kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la kuuza viti. Lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na mnunuzi awe na kibali chake cha hiyo kaliba. Anko amepigia simu wenye vibali watatu anaowajua. Wa kwanza aliuliza ina uzito gani, akasema atapiga baadaye. Wa pili aliuliza risasi zinapatikana wapi. Wa tatu, tajiri wa Elgon View ambaye kila mtu alidhani angeikimbilia, alicheka akamwambia kwamba yeye pia anatafuta mtu wa kuchukua yake.